Maswali ya Wasomaji: Kindle au kishikwambi?

SWALI: Mhariri, asalaam aleikum. Mimi ni mwalimu mstaafu mwenye umri wa miaka 64, mkaazi wa Majengo hapa Mombasa. Nilifundisha Kiswahili na Kiingereza, na tangu nistaafu kazi yangu kubwa ni kusoma. Mwaka jana nilimaliza vitabu 41, kwani kila nikimalizacho hukiandika katika daftari. 29 kati ya hivyo vilikuwa riwaya, na vilivyosalia vilikuwa wasifu, historia ya pwani na diwani za mashairi. Nyumba yangu ni ndogo, kabati limejaa, na unyevu wa hapa kwetu umeviingiza ukungu vitabu ninavyovipenda, sembuse mchwa. Wanangu wameamua kuninunulia kifaa cha kusomea, lakini hawapatani: aliyeko Doha anataka kuniletea kishikwambi cha inchi 10, na aliyeko Nairobi anasema nipewe Kindle. Tena mpwa wangu ameniletea tenzi za kale zilizopigwa picha ukurasa kwa ukurasa, mafaili sita hadi sasa, mawili yakiwa kwa hati za Kiarabu, nami huzisoma kwa simu mpaka macho yanauma. Husoma barazani alasiri, husoma kwenye feri niendapo kwa dada yangu Mtongwe, na husoma kitandani usiku. Fedha zilizopo ni za kifaa kimoja. Nichague kipi?

Mwalimu mstaafu, Majengo

JIBU: Waaleikum salaam Mwalimu, na shikamoo. Daftari lako limenifaa kuliko maelezo yoyote ya wauzaji, kwa sababu wengi wanaoniandikia juu ya jambo hili huuliza ni kifaa kipi kilicho bora, na swali hilo halijibiki mpaka mtu aseme anasoma nini. Riwaya ni maandishi yanayoweza kumiminwa katika ukurasa wa ukubwa wowote, kama maji yanavyofuata umbo la kopo. Utenzi uliopigwa picha ni picha, na picha haimiminwi. Wewe unavyo vyote viwili, nami nakuomba uvumilivu kidogo kabla sijakwambia ni nani kati ya wanao aliyepatia.

Kwanza tuelewane kuhusu majina. Hapa mjini kifaa chochote cha kusomea vitabu huitwa Kindle, kama vile sabuni yoyote ya unga ilivyoitwa Omo na mama zetu. Kindle ni ya kampuni ya Amazon ya Marekani, ambayo ilianza kuiuza mwaka 2007. Lakini Sony ya Japani ilikuwa imetangulia kuuza kifaa cha namna hiyo mwaka 2004, na Kobo, iliyoanzia Kanada mwaka 2009 na sasa inamilikiwa na Rakuten ya Japani, ina vifaa vizuri vile vile. Mwanao wa Nairobi akikutana na Kobo ya bei nafuu asiikatae kwa kuwa haina jina alilolizoea.

Vifaa hivi vyote vinatofautiana na kishikwambi katika jambo moja ambalo mengine yote yanatokana nalo, nalo ni kioo. Kioo cha kishikwambi ni taa. Unapokisoma unaitazama taa yenyewe. Kioo cha Kindle hutumia kile kiitwacho wino wa kielektroniki, uliotengenezwa na kampuni iliyozaliwa mwaka 1997 kutoka katika maabara ya chuo kikuu cha MIT. Ndani yake mna vifuko vidogo mno, na katika kila kifuko mna chembe nyeupe na chembe nyeusi zinazoelea katika majimaji. Umeme ukipitishwa, chembe za rangi moja hupanda juu na za rangi nyingine huzama, na zikishatulia hubaki zilipo hata umeme ukiondolewa. Ndiyo maana kifaa kilichokwisha chaji kabisa huendelea kuonyesha ukurasa au picha iliyokuwapo kilipozimika, na mtu asiyejua hudhani kimeharibika.

Sasa twende barazani. Nililijaribu jambo hili mwenyewe mwezi wa Februari, saa nane mchana, nikiwa nimekaa kwenye benchi pale bustani ya Mama Ngina kando ya bahari, upande wa mibuyu, na vifaa vyote viwili mapajani. Katika kishikwambi nilichokiona wazi kilikuwa ni uso wangu, miwani, kofia na tawi la mbuyu nyuma ya kichwa changu. Maandishi yalikuwa nyuma ya hayo yote, kama mtu anayechungulia kupitia pazia. Nikauongeza mwanga hadi mwisho. Kikasomeka kwa taabu, kikapata joto mkononi, na baada ya robo saa kikajipunguzia mwanga chenyewe ili kisiungue. Apple, kwa mfano, hupendekeza iPad itumike mahali ambapo joto halizidi nyuzi 35, na benchi la Mama Ngina wakati wa kaskazi halikusoma maelekezo hayo. Kindle ilikuwa kinyume kabisa: jua lilivyozidi ndivyo maandishi yalivyozidi kukoza, kwa kuwa mwanga unaoisomesha ni ule ule unaosomesha karatasi.

Usiku mambo hubadilika, ila si sana. Vifaa vya kusomea vya miaka ya mwanzo havikuwa na taa yoyote, na msomaji alihitaji balbu au tochi. Siku hizi karibu vyote vina taa ndogo zilizofichwa pembezoni ambazo humulika juu ya ukurasa badala ya kumulika machoni, na vile vizuri zaidi vina uwezo wa kuugeuza mwanga huo kuwa wa manjano, kama wa kibatari. Kuhusu usingizi, watafiti wa Boston walichapisha mwaka 2015 matokeo ya uchunguzi wao juu ya watu 12 waliokaa maabara kwa wiki mbili, ambao usiku fulani walisoma kwa kishikwambi na usiku mwingine walisoma vitabu vya karatasi. Waliosoma kwa kishikwambi walichukua takriban dakika 10 zaidi kupata usingizi, na asubuhi waliamka wazito. Watu 12 ni wachache, na kishikwambi kiliwashwa mwanga wake wote, kwa hiyo nisingependa mtu atishwe nao kupita kiasi. Lakini wewe unayesoma kitandani kila usiku una haki ya kuujua.

Jambo la feri ni la uzito. Kindle ya kawaida ina gramu 158. Kishikwambi cha inchi 10 kinakaribia nusu kilo, na kumshikisha mtu wa miaka 64 nusu kilo ya sukari kwa mkono mmoja, huku wa pili umeshika chuma na umati unasukumana kuelekea mlangoni, si kumtendea wema. Nitaongeza lile ambalo wanao hawakulitaja: kishikwambi kikubwa kinachong'aa huvuta macho ya watu, ilhali Kindle iliyovaa kava jeusi hudhaniwa kuwa ni daftari la hesabu.

Juu ya chaji nina neno dogo dhidi ya Kindle, kwa sababu matangazo yake hupotosha. Amazon husema Kindle ya kawaida hukaa na chaji hadi wiki 6, na Paperwhite, ile Kindle ya daraja la juu yake, ya mwaka 2024 hadi wiki 12, lakini maandishi madogo chini yake hueleza kwamba hesabu hiyo ni ya mtu anayesoma nusu saa tu kwa siku. Wiki 12 za nusu saa ni saa 42. Mtu aliyemaliza vitabu 41 kwa mwaka hasomi nusu saa. Tukikukadiria saa nne, utachaji kila baada ya siku 10 hivi, na ile Kindle ya kawaida utaichaji kila baada ya siku tano. Hata hivyo kishikwambi, kwa saa zake 10 hivi, kingetaka umeme takriban kila siku mbili, na hapo hujakitazamia video hata moja.

Sasa nafika mahali ambapo, kwa mwalimu wa Kiswahili, naona pana uzito kuliko chaji na jua. Mashairi. Ule uwezo wa kuyamimina maandishi upya, ambao ni neema kwa riwaya, ni msiba kwa shairi. Chukua mshororo wowote wa mizani 16, wenye ukwapi na utao, yaani kipande cha kwanza na cha pili. Nitautunga wangu ili nisimkosee mtu: «Nakiazima kitabu, nikisome kwa utuo». Katika diwani iliyochapishwa, mshororo huo hukaa mahali pake, vina vya kati vikiwa chini ya vina vya kati na vya mwisho chini ya vya mwisho, na jicho hushuka kama linavyoshuka ngazi. Katika kioo cha inchi 6, herufi zikiwa zimekuzwa kwa ajili ya macho yanayohitaji herufi kubwa, mshororo huo utauona hivi:

Nakiazima kitabu, nikisome kwa
utuo

Neno la mwisho limeachwa peke yake mstari wa pili, kama abiria aliyeachwa na feri, na kina kimepotea. Ubeti mzima ukivunjika namna hiyo, hata mtu aliyezaliwa ndani ya mashairi ataanza kujikwaa. Dawa ipo, nayo ni kukilaza kifaa ubavu ili ukurasa uwe mpana, au kupunguza nafasi iliyoachwa pembeni. Mimi hulaza, nikishafika kwenye riwaya nakisimamisha tena. Tenzi zenye mizani minane kwa kipande, zikipangwa kila kipande mstari wake, hazina taabu hiyo. Zinaenea vizuri hata kwa herufi kubwa.

Lakini tenzi zako, Mwalimu, si maandishi, ni picha. Kindle itazifungua, maana inafungua mafaili ya PDF, ila haiwezi kuzikuza herufi peke yake. Itaukuza ukurasa mzima, nawe utalazimika kuusogeza kwa kidole kushoto na kulia kila mstari. Wino wa kielektroniki haupendi kusogezwa. Kila ukiusogeza huchelewa kidogo, kisha huacha kivuli cha ukurasa uliopita, na karatasi ya kale iliyopigwa picha ikiwa na manjano na madoa ya maji hugeuka kuwa kijivu juu ya kijivu. Kwa yale mafaili mawili ya hati za Kiarabu, ambapo nukta moja hugeuza herufi na herufi hugeuza neno, singependa uyasome kwa njia hiyo. Hapo kishikwambi hakina mpinzani: ukurasa unaenea wote, rangi zinaonekana, na ukitaka kuiangalia nukta unapanua kwa vidole viwili mara moja. Mwanao wa Doha, kama anayajua mafaili hayo, hakukosea.

Kasoro nyingine inahusu duka. Vitabu vya Kiingereza utavipata katika duka la Kindle kuliko utakavyoweza kuvimaliza, na kulipa si tatizo tena, kwa kuwa asiye na kadi ya benki anaweza kutumia ile kadi ya Visa isiyoshikika, M-PESA GlobalPay, iliyoanzishwa mwaka 2022. Riwaya za Kiswahili ni habari nyingine. Nyingi za wachapishaji wa Nairobi na Dar es Salaam zipo kwa karatasi tu, na baadhi ya zile zilizo za kidijitali huuzwa kupitia programu za wauzaji wenyewe, ambazo hufunguka katika simu na kishikwambi lakini si katika Kindle. Kamusi iliyomo ndani ya kifaa, ambayo hujitokeza ukibonyeza neno, nayo ni ya Kiingereza na lugha nyingine kubwa za dunia. Ukikutana na neno la Kiamu, lahaja ya Lamu, usilolijua, itabidi uinuke ukaichukue kamusi yako ya karatasi. (Kuhusu makundi ya WhatsApp yanayogawana riwaya mpya za watu kwa PDF, naomba nisiulizwe tena. Mwandishi wa Kiswahili hupata kidogo, na hicho kidogo ndicho kinachochukuliwa.)

Kwa hiyo fanya jaribio moja kabla ya mtu yeyote kulipa. Fungua daftari lako, chagua majina 10 ya vitabu ulivyovisoma mwaka jana kwa mapenzi, umpigie mwanao wa Nairobi, na umwombe ayatafute yote katika duka la Kindle huku ukimsubiri kwenye simu. Yakipatikana sita au zaidi, Kindle ni yako. Yakipatikana mawili au matatu, maana yake wewe ni msomaji wa Kiswahili kuliko unavyojihesabu, na hapo nitabadilisha shauri langu kuwa kishikwambi, kwa masharti kwamba utakisomea barazani penye kivuli.

Nakisia yatapatikana sita, kwa kuwa umefundisha lugha zote mbili, na shauri langu linajengwa juu ya kisio hilo. Chukua Kindle Paperwhite, au Kobo iliyo sawa nayo, yenye kioo cha inchi 7 badala ya 6, kwa sababu ya herufi kubwa na kwa sababu ya mishororo. Hakikisha ina ule mwanga wa manjano. Paperwhite haiingizi maji: Amazon husema inaweza kuzama mita 2 katika maji baridi kwa dakika 60, lakini katika maji ya bahari husema robo mita kwa dakika 3 tu, kwa hiyo ikikuponyoka ufuoni iokote haraka na uisuuze kwa maji ya mfereji. Yale mafaili sita yapeleke saiba, yachapishwe kwa karatasi kubwa na kuunganishwa kwa waya. Najua ulianza barua yako kwa kuilalamikia karatasi, nami nakurudisha kwake. Lakini mafaili sita hayajazi kabati, na kumnunulia mtu kifaa kisichofaa kazi yake kubwa kwa ajili ya sehemu ndogo ya usomaji wake ni hasara ya kila siku.

Nunua na kava gumu siku hiyo hiyo. Mimi nilidharau, nikaitia Kindle yangu ya kwanza katika kikapu pamoja na chupa ya chai, nikapanda feri wakati wa msongamano wa jioni. Nilipofika ng'ambo na kuitoa, nusu ya juu ilikuwa na ukurasa na nusu ya chini ilikuwa na mistari myeusi iliyosimama wima kama nguzo za boriti. Fundi wa simu niliyempelekea, hodari wa vioo vya kila aina, aliigeuzageuza, akaniuliza, «Hii ni simu gani, kaka?», kisha akanirudishia. Kioo cha kishikwambi kinachojulikana hupatikana. Cha Kindle ni bahati, na aghalabu bei yake na ya fundi hukaribia bei ya kifaa kingine.

Mwisho, ujue unachokinunua. Kitabu cha Kindle ni ruhusa ya kusoma zaidi ya kuwa ni mali. Mwaka 2009 Amazon ilivifuta vitabu viwili kutoka ndani ya vifaa vya wateja waliokwisha kuvilipia, baada ya kubainika kwamba aliyeviuza hakuwa na haki navyo. Fedha zilirudishwa na kampuni ikaomba radhi, lakini watu walijifunza kwamba mlango wa kabati lao una ufunguo wa pili. Na tangu Februari 2025 huwezi tena kuvipakua vingi vya vitabu hivyo kwenye kompyuta kwa ajili ya kuvihamisha kwa waya. Wala huwezi kumwazima dada yako wa Mtongwe kitabu kimoja ukabaki na vingine. Itabidi umwachie kifaa chote, na sote twajua kitabu kilichoazimwa hurudi lini.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa uhandisi, mwaka wa pili, naishi Tudor. Karibu kila ninachosoma ni PDF za wahadhiri zenye michoro na fomula. Mwenzangu ana Kindle ya inchi 6 na betri yake imenitia wivu. Je, na mimi ninunue?

Mwanafunzi, Tudor

JIBU: Usinunue. Chukua rula upime: karatasi ya A4, ambayo ndiyo wahadhiri wako wanayoitumia, ina upana wa sentimita 21, na kioo cha inchi 6 kina upana wa sentimita 9 hivi. Ukurasa ukibanwa uenee, herufi ya ukubwa wa 11 inabaki chini ya 5, na kile kinamba kidogo juu ya fomula kinageuka kuwa alama ya nzi. Kishikwambi cha inchi 10 au zaidi ndicho kitakachokufaa, hasa kile kinachokubali kalamu, ili uandike juu ya mchoro wenyewe.

Vipo vifaa vya wino wa kielektroniki vyenye kioo kikubwa, na vingine, kama vile Boox, vina mfumo wa Android unaopokea programu za kawaida. Lakini bei yake ni ya mtu aliyekwisha kuajiriwa. Vipo pia vya rangi. Nimevitazama, na rangi zake hunikumbusha leso iliyofuliwa mara nyingi: unajua kwamba nyekundu ilikuwa nyekundu. Katika vingi vya hivyo, maandishi meusi yana nukta 300 kwa inchi, na rangi zina 150 tu, na mchoro wa saketi wenye nyaya za rangi tano hautakushukuru.

Ubaya wa kishikwambi kwako utakuwa ni kwamba kina kila kitu. Wakati wa kusoma kizime intaneti kabisa. Kunyamazisha arifa peke yake hakutoshi, kwa kuwa mkono wenyewe huzifuata.

SWALI: Nimeonyeshwa Kindle iliyotumika, muuzaji anasema imetoka Uingereza. Naogopa kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Nikague nini kabla ya kutoa fedha?

Msomaji, Bamburi

JIBU: Kwanza kabisa angalia akaunti, kabla hujaangalia kioo. Kila Kindle husajiliwa kwa jina la mwenyewe, na kama aliyetangulia hakuiondoa katika akaunti yake, au kama aliripoti kwamba imeibwa, Amazon inaweza kukataa kuisajili kwa jina lako. Utabaki na kifaa kinachowaka lakini hakinunui kitabu. Mwambie muuzaji aifute mbele yako hadi irudi ilivyotoka kiwandani, kisha uisajili kwa akaunti yako ukiwa hapo hapo, kwa intaneti ya simu yako, na upakue walau kitabu kimoja cha bure.

Ikikubali, fungua ukurasa mweupe na uutazame ukiwa kivulini. Vidoa vyeusi visivyohama ukigeuza ukurasa, au mstari mwembamba unaotoka ukingoni, ni dalili kwamba kioo kimekwisha kubanwa, nao hautapungua. Kivuli hafifu cha ukurasa uliopita si ugonjwa, ndivyo vilivyo. Washa taa gizani, hata kama ni kwa kujifunika shati, uone kama inaenea sawasawa.

Kisha chungulia tundu la chaji. Kifaa kilichokaa pwani bila kava hupata kutu ya kijani mle ndani, na hiyo chumvi haina tiba ya kudumu. Tundu pana la mviringo, lile la USB-C, ni la Paperwhite za kuanzia mwaka 2021 na Kindle za kawaida za kuanzia 2022; lile dogo la zamani ni la kabla ya hapo, nalo liko karibu zaidi na siku ambayo kampuni itaacha kukitunza kifaa hicho. Usiitolee bei ya mpya hata kama haina mkwaruzo. Picha za matangazo zikijitokeza kifaa kinapolala, usishtuke: huko Marekani na Uingereza Kindle nyingi huuzwa kwa bei ya chini kwa sharti la kubeba matangazo hayo, na hayazuii kusoma.

Muuzaji akikwambia kwamba nenosiri la akaunti amelisahau na atakutumia kesho, mrudishie mkononi, umwambie kwamba na wewe fedha utamtumia kesho.